Sera ya afya shuleni ipo, lakini Witeithie menyu inapangwa na geti

Hebu nikuulize kitu. Yule mtoto wa nyumbani kwenu, awe wako, wa dada yako au kale kadogo ka jirani kanakokuitisha simu kacheze gemu, leo saa nne amekula nini shuleni? Si ya lanchi, ya saa nne, wakati kengele ya mapumziko imelia. Kama hujui, jua hata mwalimu wake pengine hajui. Asubuhi alipewa Sh20 mkononi, na hiyo Sh20 ndiyo sera ya lishe ya shule yake. Ingine iko kwa karatasi.

Kwa wewe unayesoma ukiwa mbali: Witeithie ni mtaa wa Juja, Kaunti ya Kiambu, kando ya Thika Road ukishapita Juja kuelekea Thika. Jina lenyewe ni la Kikuyu, maana yake "jisaidie", na kwa hii stori ya chakula cha watoto sioni jina lingefaa zaidi. Fleti zimeota kila mahali, na katikati ya fleti kuna akademia zilizobanwa kwenye ploti mbili tatu, uwanja wake ukiwa parking ya basi ya shule. Nje ya geti utapata mandazi, bhajia, viazi karai, smokie, krispsi za karatasi na zile juisi za rangi ambazo ulimi hubaki mwekundu mpaka jioni. Mtoto mwenye Sh20 hapo ni mfalme.

Sasa, usidhani serikali haijawahi kufikiria haya. Kenya ilikuwa na Sera ya Afya Shuleni tangu 2009, ikarekebishwa 2018, na lishe imo ndani. Kukawa na mkakati wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni wa 2017 hadi 2022. Katiba yenyewe, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi. Yaani kwa makaratasi tuko sawa kabisa. Shida ni kwamba karatasi haipiki.

Piga hesabu nami. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ya umma umekuwa Sh1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa siku anazoenda shule, ambazo ni kama 185 hivi, unapata haifiki Sh8 kwa siku. Na hiyo ni ya vitabu, chaki, stima na ukarabati. Hakuna senti ya ugali hapo. Kwa hivyo mwalimu mkuu akiambiwa atekeleze sera ya lishe, atafanya nini? Atabandika chati ya vyakula vya makundi matatu ukutani, apige picha, atume ripoti. Mimi hata simlaumu.

Waulize wazazi wako kuhusu maziwa ya Nyayo. Mpango ulianza 1979 wakati Moi alikuwa amechukua uongozi juzi tu, na mpaka leo watu wazima wakizungumzia zile pakiti wanatabasamu kama watoto. Ukaja ukafifia miaka ya tisini. Baada ya hapo chakula cha shule kikawa kitu cha kaunti kame na baadhi ya mitaa ya mabanda Nairobi, kupitia Shirika la Chakula Duniani na serikali, hadi 2018 shirika lilipoikabidhi serikali kazi yote. Na kusema ukweli, huko ndiko njaa ilikuwa kali, hakuna mtu anaweza kupinga.

Lakini ona mahali Witeithie inaangukia. Si Turkana, na si Mukuru. Ni Kiambu, na Kiambu kwenye ramani za watu wa mipango ni kaunti ya wenye nacho, ya kahawa na mananasi na maploti ya mabilioni. Mama anayefua nguo za watu kwa fleti za hapa haonekani kwenye hiyo ramani. Mtoto wake hana njaa ya kutosha kuitwa mwenye njaa. Anashiba, lakini anashiba mandazi na chai ya rangi, na chajio ni ugali na sukuma kama siku ilikuwa nzuri. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulisema asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ule wa 2015 kuhusu watu wazima ulipata kwamba asilimia 27 wana uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Tunalea mtoto aliyekosa protini, halafu akifika miaka thelathini anaambiwa na daktari apunguze mafuta na sukari. Ni mtu yule yule, na mara nyingi ni mandazi yale yale.

Haya, kabla hujasema haiwezekani, panda matatu ya kuelekea Nairobi ushuke Ruiru. Hapo ndipo 2012 Wawira Njiru, akiwa bado mwanafunzi wa lishe Australia, alianza kulisha watoto 25 kwa pesa alizochanga akipikia marafiki zake huko. Leo shirika lake, Food4Education, linalisha mamia ya maelfu ya watoto kila siku ya shule. Nakwambia hivi si ili umpigie makofi, ashapata tuzo za kutosha. Nakwambia kwa sababu ya vile inavyofanya kazi: jikoni kubwa moja inapikia shule nyingi, chakula kinanunuliwa kwa wingi kutoka kwa wakulima, mzazi anatoa kitu kidogo, na mtoto ana bangili anayogusisha kwenye mashine ndipo apakuliwe. Hakuna wa kujua ni nani amelipiwa na nani hajalipiwa. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika, muulize yeyote aliyewahi kusimamishwa kando ya foleni ya githeri kwa sababu mzazi hajalipa.

2023 kaunti ya Nairobi ikaichukua hiyo mbinu ikaiita Dishi na County. Mzazi analipa Sh5, zingine zinajazwa na kaunti na shirika. Kiambu ndiko mbegu ilipandwa, kivuli kikaenda kwa jirani! Najua kuna watakaosema kikatiba kaunti inasimamia chekechea tu, shule za msingi ni za serikali kuu. Ni kweli. Lakini Nairobi iko chini ya katiba hiyo hiyo, na watoto wake wanakula.

Tukija kwa michezo, hapo nina hasira kidogo, vumilia. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kutoa jasho kila siku. Yule wa Witeithie anabebwa na basi saa kumi na mbili asubuhi, anakaa darasani, anakaa tuisheni, anabebwa tena, anakaa mbele ya TV ghorofa ya nne. Kipindi cha PE kiko kwa ratiba, na wewe unajua vizuri kinaenda wapi. Kinaliwa na hesabu, hasa muhula wa tatu. Na 2024 masomo yalipopunguzwa, michezo ikaunganishwa na muziki na uchoraji kuwa somo moja. Mzigo wa vitabu ulipungua, sawa, lakini sasa mwalimu ambaye hapendi kukimbia anaweza kufundisha wimbo muhula mzima na bado amefundisha somo. Halafu serikali hiyo hiyo inamwambia mtoto akifika sekondari ya juu anaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo. Atajulia wapi kama anapenda michezo? Mara ya mwisho aliambiwa azunguke uwanja ilikuwa adhabu.

Utasema hakuna uwanja. Kweli hakuna, na ploti ya 50 kwa 100 haitazaa uwanja. Lakini sisi tulicheza kati na blada kwa vichochoro vyembamba kuliko hizo parking. Kamba ya kuruka haihitaji ekari. Shule ya umma iliyo karibu ina uwanja unaokaa bure Jumamosi, na kanisa lina uwanja unaokaa bure Jumatano. Kinachokosekana ni makubaliano ya maandishi kati ya watu wawili ambao pengine hunywa chai pamoja.

Na hapa ndipo naona sera inayofaa ni ile fupi, ya shule yenyewe. Marekani walipitisha sheria 2004 kwamba shule inayopata pesa za serikali kuu za chakula lazima iandike sera yake ya lishe na mazoezi, ikihusisha wazazi. Zingine zilinakili tu na kuweka kwa kabati, usidhani huko ni mbinguni. Mexico mwaka wa 2025 walikataza kabisa kuuza vyakula vya sukari, chumvi na mafuta mengi ndani ya shule. Hiyo ya kukataza, mimi kwa Witeithie ningeenda nayo polepole. Ukimfukuza mama wa mandazi getini leo, kesho anauza mita hamsini mbele, na watoto wake mwenyewe ambao wako kwa shule hiyo hiyo wanakosa karo. Afadhali shule imwite, impe nafasi ndani na masharti: ndizi, nduma, njugu, mahindi ya kuchemsha, mayai, maji safi ya kunawa. Mandazi Ijumaa, si kila siku. Mtoto ana Sh20 na ndizi ni Sh10, kwa hivyo tusidanganyane ati ni bei.

Wewe unaingia wapi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazipa shule za umma chama cha wazazi, na mkutano wake mkuu kwa kawaida una akina mama watano waliochoka na mzee mmoja wa kupinga kila kitu. Wewe ambaye unalipia kakako karo, nenda. Kwa akademia za watu binafsi ni rahisi hata zaidi, kwa sababu mwenye shule anaogopa mzazi anayehama. Usiende na hotuba. Omba uonyeshwe ratiba ya darasa, uweke kidole kwenye kipindi cha michezo cha wiki iliyopita, uulize watoto walikuwa wapi. Kisha uliza ni nani anakagua kinachouzwa getini. Mwalimu akisema ni kazi ya kaunti, mwambie aandike hivyo, kwa sababu barua hiyo ofisi ya wadi itahitaji kuiona.