Waziri asiyedaiwa sababu

Msomi wa ng'ambo anayeandika kuhusu uhamaji na uraia Afrika Mashariki hawezi kuipita Ulyankulu mkoani Tabora, wala Katumba na Mishamo mkoani Katavi. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania iliwakubalia uraia zaidi ya wakimbizi 162,000 wa Burundi walioingia mwaka 1972 pamoja na wazao wao. Ni nchi chache duniani zilizowahi kutoa uraia kwa mkupuo mkubwa kiasi hicho, na sifa hiyo nchi inastahili.

Sifa iishie hapo. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa miaka minne watu hao hawakuwa Warundi tena, na hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha Utanzania wao. Serikali ilitaka kwanza wahame makazi yao wasambazwe mikoani, kisha ikaghairi. Maelezo ya kina ya kipindi hicho yamo zaidi katika ripoti za watafiti kuliko katika kauli za Wizara ya Mambo ya Ndani. Hata kijana wa Mishamo anayetaka kujua wazee wake walijitambuaje wakiwa uhamishoni ataelekezwa kwenye kitabu cha Liisa Malkki, kilichochapishwa Chicago mwaka 1995, kwa Kiingereza.

Mtafiti mgeni halaumiwi kwa kufanya kazi yake. Wanaolaumiwa ni wenyeji waliompa kibali, wakamkaribisha kwenye makongamano, kisha wasiulize matokeo yalikwenda wapi. Kutoka Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, hadi Mtumba zilipo wizara ni mwendo mfupi wa gari. Utafiti hauna udhuru wa kutofika.

Lakini hata ukifika utagonga ukuta. Sheria ya Uraia ya 1995 inasema Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali au kukataa ombi, na uamuzi wake ni wa mwisho. Ndiyo sheria iliyokuwapo mwaka 2001, Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, alipotangaziwa kuwa si raia. Kama mtu wa kimo hicho aliweza kuamka bila nchi, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu atamuuliza nani? Maprofesa wanaweza kubadilishana mihadhara kuhusu utaifa mwaka mzima. Uamuzi usio na sababu haufanyiwi utafiti wala haupingwi kwa hoja.

Mapema 2025 Bunge lilipitisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Waliopo ng'ambo wana sauti, na wamesikika. Waliopewa uraia hapa nyumbani wanastahili angalau hesabu.

Wizara iiwasilishe Dodoma, mbele ya Bunge: vyeti vingapi vimetolewa, vingapi havijachukuliwa, na waliozaliwa kati ya 2010 na 2014 wana hadhi gani. Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti, isimruhusu mgeni kurudi na daftari lililojaa bila mtafiti wa hapa kuwa mwandishi mwenza, na bila muhtasari wa Kiswahili kukabidhiwa halmashauri alikofanyia kazi. Bunge nalo liandike upya kifungu hicho cha Sheria ya Uraia, ili anayekataliwa uraia apewe sababu kwa maandishi na muda wa kukata rufaa mahakamani.