UNASOMA KITABU GANI, NDUGU?

Wanachama wakikutana siku hizi huulizana mambo mengi. Huulizana habari za nyumbani, habari za mvua, bei ya mbolea, na nani atasimama kugombea nini. Huulizana hata habari za timu za mpira za Ulaya, na wachezaji wake wanawajua kama wawajuavyo jirani zao. Lakini ni mara ngapi, ndugu msomaji, umemsikia mwanachama akimwuliza mwenziwe, "Siku hizi unasoma kitabu gani, nacho kimekupendeza kwa lipi?" Mimi nasema ya kuwa swali hilo ni swali la siasa, tena kubwa, na chama ambacho wanachama wake hawaulizani hivyo kimeiacha silaha yake moja ikishika kutu.

Najua wako watakaocheka. Watasema kitabu ni jambo la mtu peke yake chumbani mwake, na chama ni jambo la umma. Hao wamesahau tulikotoka. Gazeti la Sauti ya TANU, lililoanza mwaka 1957, lilikuwa gazeti dogo la chama maskini. Hata hivyo mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimpeleka Mwalimu Nyerere mahakamani kwa maneno aliyoyaandika humo, akatozwa faini ya Sh. 3,000. Tujiulize: dola yenye gavana, na polisi, na magereza, iliogopa nini katika karatasi chache? Waliojua kusoma wakati ule walikuwa wachache sana. Mkoloni hakuiogopa karatasi. Aliogopa mazungumzo yanayofuata baada ya karatasi kusomwa. Alijua ya kuwa neno likisomwa na mmoja na kusemwa na kumi haliwezi tena kufungwa jela.

Basi haifai niwahimize wenzangu watoe vyao huku mimi nimeficha changu. Nitavitaja vitabu vilivyo mezani pangu mwezi huu, na kila kimoja nitasema kimenipa nini.

Cha kwanza ni Kusadikika cha hayati Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, na hii si mara yangu ya kwanza kukisoma. Ni habari ya nchi iliyo angani, ambako kijana aitwaye Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu. Kila mjumbe alikwenda, akaona mema ya nchi nyingine, akarudi na habari za kuifaa nchi yake. Na kila mmoja, badala ya shukrani, akatiwa kifungoni. Kumbuka ya kuwa maneno haya yaliandikwa na mtumishi wa serikali ya kikoloni, yakapigwa chapa mbele ya macho ya wakoloni wenyewe, miaka 10 kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Huo ni ushujaa usiopiga makelele.

Cha pili ni Kuli cha ndugu Adam Shafi wa Unguja, kilichotoka mwaka 1979. Humo utamkuta Rashidi, kijana aliyeifuata kazi ya baba yake bandarini, akibeba mizigo ya watu kwa ujira wa kudhalilisha, mpaka akafunguka macho na kuelewa ya kuwa mnyonge mmoja ni mnyonge, lakini wanyonge wakishikana ni nguvu. Hadithi yenyewe imesimama juu ya mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Mwaka uliotangulia, 1947, makuli wa Dar es Salaam nao walikuwa wamegoma, na mgomo ule ukapanda bara kwa njia ya reli. Kijana wa leo hufundishwa ya kuwa Uhuru uliletwa na mikutano na hotuba. Hizo zilifanya kazi yake. Lakini akisoma Kuli ataona ya kuwa mgongo wa mchukuzi nao ulitangulia kudai, kabla vyama vyetu havijapata kadi wala bendera.

Cha tatu ni kile cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mume na mke wanapendana, lakini hawakujaliwa mtoto. Ndugu wanamtaka mume atafute mwanamke mwingine, wakwe wanamchukua binti yao, naye Myombekere anakataa kumwacha mkewe. Anakwenda kumkomboa. Ndani ya habari hiyo utajifunza namna Wakerewe walivyolima, walivyovua, walivyotibu wagonjwa na walivyoheshimiana, yote yakielezwa na mtu wa hapo hapo, si na mgeni aliyekuja na daftari la kuhesabu makabila.

Lakini kitabu hiki kina habari nyingine isiyoandikwa ndani yake. Mzee Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akazidi kungoja. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, naye mzee akafariki mwaka 1981. Miaka 35 kazi ya mtu ilikaa sandukuni! Tunapenda kusema ya kuwa wakoloni walitunyima vitabu vyetu, na ni kweli. Lakini katika miaka hiyo 35, karibu 19 ilikuwa miaka yetu wenyewe tukijitawala. Jambo hilo tulikumbuke kabla hatujanyosha kidole.

Cha nne ni Peponi cha Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Ni habari ya Yusuf, mtoto ambaye baba yake alimtoa rehani kwa tajiri kwa ajili ya deni, akaingia katika misafara ya biashara ya bara wakati Wajerumani wanajipenyeza nchini. Bwana Gurnah alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994. Kimetufikia kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa kazi njema ya mfasiri Ida Hadjivayanis na wachapaji wa Mkuki na Nyota. Habari ya pwani yetu na bara yetu ilizunguka dunia miaka 28 kabla ya kurudi kwa lugha ya wale iliyowahusu! Tuzo ilipotangazwa tulishangilia, na ilikuwa haki tushangilie. Lakini mtu hula chakula, hali harufu. Kumsifu mwandishi bila kumsoma ni kumpigia makofi mpishi na kuondoka na njaa.

Nimeviweka vinne. Yupo atakayeniuliza, je, mwanachama asome vile tu vinavyotusifu? La hasha! Ndugu Adam Shafi huyo huyo ameandika Haini, kilichotoka mwaka 2003. Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa mwaka 1972, na watu wengi wakakamatwa. Haini ni hadithi iliyozaliwa na mambo ya siku zile, ya watu walioteswa gerezani, na mwandishi mwenyewe aliwahi kuonja kizuizi. Ni kitabu kichungu kwa mtu wa chama. Mimi nasema kwa sababu hiyo hiyo mtu wa chama akisome, tena akisome mbele ya wenzake na kukizungumza. Chama kinachoogopa kitabu kimekwisha kuanza kufanana na ile dola iliyoogopa gazeti mwaka 1958. Ukweli ukisemwa na adui utauita fitina. Ukisemwa na mwananchi aliyeyaona kwa macho yake, utauitaje?

Hapa nawarudia wale wajumbe sita wa Kusadikika. Neno mjumbe twalijua sana katika chama chetu. Tuna wajumbe wa mashina, wajumbe wa halmashauri, wajumbe wa mikutano mikuu. Lakini kila asomaye kitabu naye ni mjumbe. Amekwenda mahali wenzake hawajafika. Amekaa na makuli wa mwaka 1948, ametembea Ukerewe ya zamani, ameingia gerezani na kutoka. Mjumbe akirudi, kazi yake haijakwisha mpaka atoe habari. Kule Kusadikika wajumbe walifungwa kwa habari walizoleta. Sisi hatuwafungi. Sisi tumefanya jambo baya kwa namna nyingine: hatuwaulizi kitu. Mtu anarudi kutoka safari ya kurasa 300, nasi twamkaribisha kwa kumwuliza nani kafunga goli.

Wako wasemao, kwa sauti ya kujua mambo, ya kuwa Mwafrika hana desturi ya kusoma. Hayo ni maneno ya kasumba, na aliye nayo ayatapike. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakulima waliotoka shambani na mikono ina udongo walikaa chini ya miti kushika chaki. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Je, watu hao walikuwa Wazungu? Walikuwa wazazi wetu na babu zetu. Desturi ilikuwapo, sisi ndio tuliyoiacha ilale. Nayo haikuwa desturi ya mtu kujifungia na kitabu, bali ya watu kukisoma pamoja na kukitendea kazi.

Wengine husema vitabu ni ghali. Ni kweli, mshahara wa mfanyakazi haushindani na bei za maduka ya vitabu, na serikali yapaswa iambiwe ya kuwa maktaba ya wilaya isiyopata vitabu vipya ni ghala la vumbi. Lakini kitabu kimoja kikizunguka nyumba kumi, bei yake imegawanyika mara kumi. Jembe twaazimana, sufuria za arusi twaazimana, viti vya msiba twaazimana. Kwa nini kitabu kifungiwe kabatini kama hati ya shamba?

Na wengine husema vitabu ni vya shule. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Watoto wetu wanasomeshwa riwaya na tamthilia kwa ajili ya mtihani, na siku mtihani unapokwisha kitabu kinafungwa, hakifunguliwi tena. Mtoto hawezi kujua ya kuwa kitabu ni rafiki wa maisha ikiwa hajapata hata siku moja kumwona baba yake akicheka peke yake juu ya ukurasa, au mama yake akikataa kuweka kitabu chini mpaka amalize sura.

Sasa niseme tufanye nini, kwani makala isiyo na kazi ndani yake ni domo tupu. Kila tawi litenge robo saa mwisho wa mkutano wake wa kawaida. Katika robo saa hiyo wanachama wawili au watatu wasimame, kila mmoja ataje kitabu anachokisoma, aseme kinahusu nini, na aseme kimempendeza au kimemwudhi kwa sababu gani. Pasiwe na hotuba. Asiyejua kusoma asomewe kurasa mbili, naye aseme maoni yake, kwani akili haikai katika macho tu. Akimaliza kusema, mwenye kitabu amwazime mwenziwe, na katibu aandike katika daftari kitabu kiko kwa nani. Vijana wafanye vivyo hivyo katika vikundi vyao, na akina mama katika vyao. Viongozi nao wasimame kama wengine. Kiongozi atakayejibu ya kuwa hana nafasi ya kusoma, wanachama watajua la kumfanyia wakati wa kura.

Mwaka 2021 UNESCO iliiweka tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe hiyo ndiyo TANU ilipozaliwa, mwaka 1954. Kila Saba Saba tutavaa vitenge na kucheza ngoma, na si vibaya. Lakini lugha haikuzwi kwa kitenge. Lugha hukua kwa watu kuandika, na watu huandika wakijua ya kuwa wapo wanaosoma na kusimuliana. Mzee Kitereza aliandika gizani bila kujua kama yupo. Mwandishi wa leo, aliyeko Kigoma au Mtwara au Pemba na daftari lake, tusimwache naye angoje miaka 35.

Ndugu mwanachama, katika mkutano ujao wa tawi lako, usingoje katibu aanze. Nenda na kitabu mkononi. Kisha mgeukie aliyekaa jirani yako, umwulize.

Uhuru na Kazi!