Kisukari: Tupunguze ugali sahanini, lakini tusitupe insulini

WAGONJWA wengi wa kisukari cha aina ya pili hutoka kliniki wakiwa na vitu viwili: vidonge na agizo la kupunguza sukari. Wakifika nyumbani huacha kutia sukari katika chai, wakaapa kutogusa soda wala keki, kisha jioni wakaketi mbele ya sahani ya ugali iliyorundikwa kama ilivyo desturi. Mwezi unaofuata, kipimo cha damu kikisalia pale pale, hukata tamaa na kudhani kwamba dawa ndizo zilizoshindwa.

Mtu wa hali hiyo hushawishika upesi anapoambiwa kwamba tiba imo jikoni mwake. Aache nafaka zote, anaambiwa, arejelee vyakula vya mababu wa Enzi ya Mawe: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, korosho na lozi. Unga, mchele, maharagwe, maziwa na sukari visikaribie meza yake. Lishe hiyo huitwa paleo, na imepata wafuasi miongoni mwa Wakenya wa mijini, hasa wenye uwezo wa kifedha.

Chimbuko lake si porojo za wafanyabiashara. Mnamo 1985, Wamarekani S. Boyd Eaton na Melvin Konner walichapisha makala katika jarida la New England Journal of Medicine wakidai kwamba mwili wa binadamu ulijengeka kwa maelfu ya miaka ya uwindaji na uchumaji wa matunda pori, ilhali kilimo kina takriban miaka 10,000 tu. Ni katika mwaka wa 2002 ambapo msomi mwenzao, Loren Cordain, alitoa kitabu kilichoisambaza hoja hiyo kwa umma.

Je, lishe hii humsaidia mwenye kisukari? Jibu la haki ni kwamba humsaidia, ila kwa sababu tofauti na ile inayotajwa na wanaoipigia debe.

Wanga wote, uwe wa ugali, chapati, wali au viazi, humeng'enywa tumboni na kuwa glukosi. Kwa mgonjwa wa aina ya pili, insulini inayotolewa na kongosho haitoshi au mwili hauitii ipasavyo, na glukosi hiyo hubaki ikielea katika damu. Akipunguza wanga, amepunguza mzigo. Hakuna siri nyingine kubwa.

Mwaka wa 2009 watafiti wa Uswidi walitangaza matokeo ya wagonjwa 13 waliokula lishe ya paleo kwa miezi mitatu na lishe ya kawaida ya wenye kisukari kwa miezi mingine mitatu. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari mwilini kwa takriban miezi mitatu, kilikuwa chini kwa pointi 0.4 walipokuwa kwenye paleo. Uzani na shinikizo la damu pia vilipungua. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini wagonjwa 13 hawajazi hata matatu moja ya abiria 14.

Ushahidi mzito zaidi unahusu kupunguza wanga kwa jumla, bila kujali Enzi ya Mawe. Chama cha Kisukari cha Marekani kilikiri mwaka wa 2019 kwamba, miongoni mwa mbinu za lishe, hiyo ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi wa kuteremsha sukari. Mnamo 2021, jarida la Uingereza la BMJ lilichapisha uchanganuzi wa majaribio 23. Baada ya miezi sita, watu 57 katika kila 100 waliopunguza wanga walikuwa na HbA1c chini ya kiwango cha kisukari, wawe bado wanameza dawa au la, ikilinganishwa na 31 katika kundi jingine. Mwaka ulipotimia, tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Yamkini wengi walichoka, wakarudia walichozoea.

Kuchoka huko kunaeleweka. Tuchukue ugali wetu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Mtu mzima akila ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga, kiasi ambacho wengi wetu hukimaliza bila hata kukifikiria, amekula gramu 110 na ushei. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu nne. Kwa hiyo yule aliyejinyima vijiko viwili chaini amejipakulia kiasi cha wanga kinachokaribia vijiko 28 sahanini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na imani iliyoenea nchini kwamba ugali wa kahawia, au uliochanganywa wimbi na mtama, hauna kikomo. Unga usiokobolewa una nyuzinyuzi zaidi, nazo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Hata hivyo, wanga wake haujatoweka. Mgonjwa anayebadilisha rangi ya ugali na kuacha ukubwa wake ulivyo amefanya nusu ya kazi, pengine robo.

Kuhusu Enzi ya Mawe yenyewe, sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuuliza maswali, kwa kuwa mababu hao wanaosifiwa waliishi papa hapa. Mwaka wa 2009, mtafiti Julio Mercader alieleza kwamba mawe yaliyochimbuliwa katika pango la Ngalue, Msumbiji, yalikuwa na chembe za wanga wa mtama pori, zenye umri wa takriban miaka 100,000. Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi nchini Tanzania, ambao baadhi yao wangali wanaishi kwa kuwinda, hula nyama wanapoipata, lakini pia huchimba mizizi, hutafuna ubuyu na kurina asali kwa wingi. Hapakuwa na sahani moja ya kale.

Wapo pia wanaotoa mfano wa Wamaasai. Ni kweli kwamba John Boyd Orr na John Gilks, katika ripoti yao ya 1931 iliyolinganisha Wamaasai na Wakikuyu, waliwakuta Wamaasai wakiwa warefu na wazito zaidi. Lakini waliripoti vilevile kwamba kila jamii ilikuwa na maradhi yake. Isitoshe, tegemeo kuu la Mmaasai lilikuwa maziwa, ambayo paleo inayaharamisha!

Marufuku ya maziwa na jamii ya kunde ndiyo sehemu dhaifu kabisa ya lishe hii. Maharagwe, ndengu na mbaazi zina wanga, naam, lakini hupandisha sukari polepole kwa sababu ya nyuzinyuzi na protini zake. Kumnyang'anya mwananchi wa kipato cha chini ndengu na kumwamuru ale minofu ya nyama kila siku ni kumwambia kwamba afya si ya watu kama yeye. Aidha, mgonjwa ambaye figo zake zimeshaathirika, na kisukari huathiri figo nyingi, hapaswi kuongeza protini kiholela.

Suala la dawa ndilo linalonitia hofu zaidi. Glibenklamaidi, tembe ambayo wagonjwa wengi wa hapa nchini wameitumia kwa miaka, huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala wanga. Anayeacha ugali ghafla huku akimeza kipimo kile kile anaweza kuishiwa sukari, akatetemeka, akatokwa jasho, akazirai. Vivyo hivyo kwa anayejidunga insulini. Nazo dawa mpya kama vile empagliflozin, zinazoitoa sukari kupitia mkojo, zikichanganywa na lishe isiyo na wanga kabisa zinaweza kuleta sumu ya ketoni katika damu hata glukometa ikionyesha nambari nzuri.

Dawa hizi zinaweza kupunguzwa, na mara nyingine kuachwa. Mwenye kuamua hilo ni daktari, tena kabla ya sahani kubadilika.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye wengi wao ni watoto na vijana, hakuna mjadala. Kongosho yake haitengenezi insulini ya kutosha kumweka hai. Kabla ya 1922, madaktari kama Frederick Allen wa New York waliwanyima wagonjwa hao wanga, na hata chakula chenyewe, wakaishi kwa muda zaidi huku wakikonda hadi wakafa. Januari mwaka huo, huko Toronto, Leonard Thompson wa umri wa miaka 14 alidungwa insulini, na kifo kikaahirishwa. Anayemwambia mzazi leo kwamba nyama na mboga zitachukua nafasi ya sindano anamrejesha mtoto huyo mikononi mwa Allen.

Lawama zisiwaendee wauzaji wa matumaini peke yao. Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, lakini katika vituo vingi mgonjwa huonana na mtoa dawa bila kuonana na mtaalamu wa lishe. Hakuna anayemuuliza jinsi ugali unavyopakuliwa kwake, nani hupika, au kama familia nzima hula kutoka kwa sufuria moja.

Swali hilo la mwisho lina uzito, maana mama mwenye kisukari hawezi kujipikia kivyake huku watoto wakingoja. Anachoweza ni kugeuza vipimo vya sahani hiyo hiyo: sukuma wiki, managu au terere zijaze nusu yake, ndengu, omena au mayai zichukue robo, na ugali ubaki na robo iliyosalia. Parachichi, ambalo msimu wake ukifika huoza chini ya miti vijijini, lina wanga kidogo na hushibisha.

Anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo, akaacha nafaka kabisa, hajakosea. Abebe dawa zake zote ampelekee daktari, na aende na daftari la vipimo vya sukari vya asubuhi na vya saa mbili baada ya mlo, vya angalau wiki moja.