Vuli Haipukutishi Majani

Kuna kosa moja la tafsiri ambalo tumelizoea hadi hatulioni. Mtafsiri akifika kwenye ule msimu wa Ulaya na Marekani ambapo misitu ya milimani hugeuka rangi ya dhahabu na nyekundu, anachomoa neno "vuli" na kuendelea na safari. Kamusi zinamruhusu. Mimi simruhusu.

Vuli ni mvua. Ni zile mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, wakati majani yanachipuka. Kuita kufa kwa jani kwa jina la kuzaliwa kwake ni uvivu tu.

Utaniambia lugha hukua. Sawa, lakini angalia inachotugharimu. Mtoto wa Kisumu anasoma kwenye simu kwamba vuli ni majani kuanguka, anachungulia dirishani Novemba, anaona miti imenawiri. Atakata kauli kwamba misimu ni ya wenzetu. Na watu wazima washamtangulia: "Sisi tuko ikweta bana, huku ni jua na mvua tu."

Si kweli. Mchana wetu haufupiki kama wa Vermont, ndiyo maana miti yetu haisubiri siku zifupike ili ivue majani. Yenyewe inafuata maji. Wakati wa kiangazi, utazame mwamba-ngoma, ambao Waluo huuita orembe: unavua majani, unabaki matawi matupu, kisha unawaka maua mekundu kabla majani hayajarudi. Siala una manjano yake. Kibobakasi una moto wake, na Waingereza waliuita kwa jina la Nandi, milima ile ile tunayoiona kutoka mjini. Dholuo ina chwiri, opon na oro, majina ya misimu yaliyotosha kupangia shamba na safari. Halafu tunapiga picha chini ya mjakaranda, mti uliotoka Amerika Kusini, na kuandika chini yake "autumn vibes". Jamani!

Hili si suala la urembo pekee. Mti usio na jina hautetewi. Serikali imeahidi miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hadi sikukuu ya kupanda. Vizuri. Lakini hesabu haina rangi. Ukate orembe mmoja kando ya barabara, upande miche kumi ya mikaratusi, na daftarini tumepata faida ya miti tisa. Nani atalalamika kwamba tumepoteza msimu, kama hatukujua tulikuwa nao?

Msimu wa wenzetu una jina tayari: mapukutiko. Litumieni. Vuli turudishieni, mvua zake ndizo hizi zinatunyeshea. Na wewe unayeandika hadithi ya Kisumu, ukihitaji mti mwekundu, usipande ndege. Panda matatu ya Kapsabet.