KONA YA FUNDI: Pima chaji kwanza, betri baadaye

Mwezi huu tunaingia garaji. Familia nyingi hapa zina ndugu anayeendesha teksi Bujumbura, au kijana anayejifunza ufundi kule Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi. Kazi ya magari ya zamani inalisha watu, lakini inaweza pia kula pesa ya watu. Tuangalie ugonjwa mmoja tu: gari kukosa chaji.

Mnaujua. Asubuhi gari haliwaki, vijana wanasukuma, linawaka. Jioni tena, sukuma! Dereva anaambiwa, "Betri imekufa." Anakopa, ananunua mpya. Baada ya wiki mbili tatu, ile mpya nayo imelala. Deni limebaki, ada ya watoto imekwenda, na gari bado linasukumwa.

Ndugu zangu, betri haitengenezi umeme. Ni kama pipa la maji nyumbani: linatunza tu. Bomba la kulijaza ni alternata. Bomba likikauka, hata ukileta pipa jipya litakauka vilevile. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha alternata, umeme unakwenda kwenye betri, na katauti inazuia umeme usizidi kipimo. Magari ya zamani zaidi, kabla ya miaka ya 1960, yalikuwa na dinamo. Alternata zilianza kuenea miaka hiyo. Dinamo hutoa umeme kidogo sana injini ikizunguka polepole, kwa hiyo taa nyekundu kumetameta kidogo wakati gari limesimama si lazima iwe ni ugonjwa.

Haya, tufuate njia. Anza na kile kisicho na gharama. Kipimo cha volti, hata kile kidogo cha bei nafuu, kinatosha kwa gari la volti 12.

1. Angalia kwa macho. Mkanda umelegea? Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba ushuke kama sentimita moja hivi. Vichwa vya betri vina unga mweupe au wa kijani? Visugue, kaza.

2. Pima betri gari likiwa limepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 imejaa. 12.2 iko kama nusu. Chini ya 12 imekwisha: ichajishe kwanza. Kisha mtu awashe gari huku wewe unaangalia kipimo. Kama betri imejaa na bado inaporomoka chini sana ya 10, hapo ndiyo betri yenyewe ni mgonjwa.

3. Washa injini, kanyaga mafuta kiasi, pima tena. Kati ya 13.8 na 14.5, chaji ipo. Ikibaki 12 na kushuka, hakuna chaji. Ikipita 15, katauti haifanyi kazi, na betri itachemka mpaka iharibike. Kwa joto la Bujumbura, haitachukua muda mrefu.

4. Angalia taa nyekundu ya betri pale dashibodi. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, ni lazima iwake. Katika magari mengi ya zamani, umeme mdogo wa kuamsha alternata unapitia kwenye balbu hiyo. Balbu ikiungua, alternata nzima inaweza kukaa kimya. Kumbe watu wametupa alternata nzuri kwa sababu ya kabalbu!

5. Pima arthi. Injini ikiwa inazunguka na taa zimewashwa, weka waya mmoja wa kipimo kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini. Ikizidi volti 0.2, waya wa arthi umelegea au umeoza.

6. Yote hayo yakiwa sawa, sasa fungua alternata. Mara nyingi ni kaboni zimekwisha tu. Zinabadilishwa bila kununua alternata nyingine.

Na kama chaji ipo lakini betri inalala kila usiku? Shika alternata alfajiri, gari likiwa limezimwa usiku kucha. Ikiwa ya uvuguvugu, kuna dayodi imeungua na inanyonya betri.

Onyo kwa vijana wetu: msing'oe kichwa cha betri injini ikiwa inazunguka, eti kupima kama gari litaendelea. Wazee walifanya hivyo kwenye dinamo. Kwenye alternata, umeme unaruka juu ghafla na kuchoma dayodi. Mmetafuta ugonjwa mmoja, mmeleta wa pili.

Akina mama na akina baba, hili ni letu sote, hasa tunaotumia betri ya gari kuwasha taa au kuchaji simu nyumbani. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo iwekwe penye upepo, mbali na jiko na sigara. Ikipungua, ongeza maji safi ya betri ya dukani, siyo ya bomba, na siyo asidi. Asidi isiwekwe kabisa kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto ataijaribu. Na betri iliyokufa isivunjwe uani ili kuyeyusha risasi yake. Vumbi na moshi wake vinaharibu akili za watoto, na dawa ya kuirudisha akili hiyo hakuna.

Basi, siku kijana akikwambia, "Baba, betri imekufa, nipe pesa," usigombe. Muulize tu: "Umepima? Ilisoma ngapi injini ikizunguka?" Akikosa jibu, pesa ibaki mfukoni kwanza.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.