Vita Vilifika Kipevu

Wako walimu wenzetu wasemao kwamba Vita Kuu vya Pili vilikuwa ugomvi wa Wazungu, na kwamba mtoto wa Mikindani hana haja ya kujua habari zake, ila tarehe mbili tatu za kujibia mtihani. Mimi naiita kauli hiyo uvivu, tena uvivu unaowadhulumu wafu.

Kutoka Mikindani hadi Kipevu ni kupita Changamwe na kuteremka pwani. Leo hapo pana magati ya makontena na ya mafuta. Mwaka 1942 kikosi cha 209 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuja kuweka makao pale na ndege ziitwazo Catalina. Ndege hizo hazikutaka kiwanja. Matumbo yao yaliundwa mfano wa mashua, zikaruka na kutua majini. Kikosi hicho ndicho ambacho ndege yake moja, tarehe 26 Mei 1941, iliiona manowari ya Kijerumani Bismarck katika bahari ya Atlantiki, baada ya Waingereza kuipoteza. Kesho yake ikazamishwa. Wanafunzi hulijua jina la Bismarck. Sijakutana na hata mmoja aliyeambiwa kwamba kikosi kilichoiona kilikuja kuwa jirani yetu.

Vijana wapendao mbio wangeicheka Catalina. Iliruka mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1935, na mwendo wake wa safari ulikuwa kama kilomita 200 tu kwa saa. Lakini iliweza kukaa angani saa 20. Ubavuni ilikuwa na vibanda viwili vya kioo, na humo walikaa watu wakiyakodolea maji macho mpaka yakawauma. Siku nyingi hawakuona kitu. Hata hivyo kazi ilikuwa imefanyika, maana nyambizi ikihofia ndege hujificha chini, na huko chini mwendo wake ni mdogo, haiwezi kuzifuata meli. Mara chache waliona. Tarehe 20 Agosti 1943, kusini mwa Madagaska, Catalina mbili ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197. Moja ilikuwa ya kikosi cha 259, kilichoundwa upya hapo hapo Kipevu mwezi wa Februari mwaka huo. Wajerumani 67 walikufa, hakuokoka mtu. Nao pia walikuwa na mama zao.

Hapa mwenzangu hunijibu kwamba ndege zile zililinda mali ya dola iliyokuwa ikitutawala. Ni kweli, wala sitaki mtoto yeyote aishangilie dola ile. Lakini na atazame ni nani waliokuwa ndani ya meli. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Ilichukua watu zaidi ya 1,500, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Meli ikazama kwa muda usiotimia dakika mbili. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari za ulinzi zikatupa mabomu yao papo hapo, katikati ya watu wao wenyewe. Waliokufa siku ile ni 1,297.

Basi ugomvi huo ni wa nani? Akitaka kuilaumu dola, na ailaumu kwa hili, kwamba iliwachukua vijana wetu ikawapitisha katika bahari ambayo macho yote ya Kipevu hayakutosha kuilinda. Lakini hawezi kulaumu asichokifundisha. Aliyeifuta Catalina katika somo lake amewafuta na askari wale, kwa kuwa bila kujua bahari ile ililindwaje, mwanafunzi hawezi kuelewa walikufaje.

Nataka somo la vita hivyo lianzie Kipevu. Mwenzangu asema ratiba haina nafasi. Ratiba hiyo hiyo, mwaka baada ya mwaka, ina nafasi ya Bismarck.