Jina la Ukoo Halijazi Chungu

Akina mama wenzangu,

Posa ya binti yako inapoletwa, swali lako la kwanza ni lipi? Wengi wetu huuliza, "Kijana huyu ni mtoto wa nani?" Swali hilo si baya. Ubaya huja likiwa ndilo swali pekee. Filamu moja ya Sri Lanka inatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Filamu hiyo ni Gamperaliya, yaani "Mabadiliko ya Kijiji". Ilitengenezwa na Lester James Peries mwaka 1963 kwa lugha ya Kisinhala, kutokana na riwaya ya Martin Wickramasinghe iliyotoka mwaka 1944. Mliozoea filamu za Kihindi msitazamie nyimbo wala ngumi. Hapa kuna nyumba ya kweli, kijiji cha kweli, na watu wanaoumia kimyakimya. Mwaka 1965 ilipewa tuzo ya Tausi wa Dhahabu huko New Delhi.

Nanda ni binti wa Nyumba Kubwa ya kijiji, kusini mwa kisiwa, mwanzoni mwa karne ya 20. Piyal, mwalimu kijana, anakuja kumfundisha Kiingereza. Wanapendana. Lakini wazazi wanamkataa Piyal kwa kuwa hatoki katika ukoo wa hadhi yao. Nanda ananyamaza. Anaozwa Jinadasa, mwenye ukoo bora na mfuko mtupu.

Mtoto wao anafariki. Biashara inaharibika, na Jinadasa anakwenda mbali kutafuta riziki, asirudi tena. Nyumba Kubwa inachakaa. Limebaki jina tu. Wakati huo Piyal ametajirika mjini Colombo. Inapofika habari kwamba Jinadasa amekufa, Nanda anaolewa na Piyal. Baadaye inakuja habari nyingine: Jinadasa hakuwa amekufa wakati ule. Ndiyo kwanza amefariki, akiwa fukara.

Mama, usidhani fundisho ni kumpa binti yako tajiri. Mali ya Piyal haikuwaletea amani nyumbani, kwa sababu yale yaliyonyamaziwa zamani yaliingia nao katika ndoa. Jinadasa naye hakuwa mtu mwovu. Alitwishwa heshima ya Nyumba Kubwa bila kuwa na uwezo wa kuibeba, na kwa mtu wa namna hiyo kurudi mikono mitupu ni aibu kubwa. Hivyo uamuzi mmoja wa wazazi uliwaumiza watu watatu.

Basi, pamoja na kuuliza ukoo, tuulize na haya: Je, kijana huyu ni mchapa kazi? Anapokosa fedha, hukimbia au husema ukweli? Anamsikiliza binti yetu anapoongea? Na binti mwenyewe anasemaje?

Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Tumezoea kusema kwamba msichana akinyamaza, amekubali. Nanda alinyamaza, lakini hakuwa amekubali. Alikuwa hajafundishwa kwamba neno lake lina uzito nyumbani.

Tusingoje siku ya posa ndipo tuanze kuwauliza mabinti zetu wanaonaje. Tuanze sasa, katika mambo madogo, mnapochambua mboga au kukunja nguo. Muulize, kisha usimkatize. Mwache amalize.